Jani Lililopitishwa Motoni

Mvua za vuli za mwaka ule zilinyesha Kashozi kana kwamba hakuna wa kuziambia basi. Kahawa ya mwisho iliyoanikwa kwenye mikeka iliingizwa ndani, ikatolewa, ikaingizwa tena, mpaka watu wakachoka nayo. Bernadina, ambaye alikuwa hajaanza shule, alishinda jikoni kwa bibi yake Kokushubila, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee palipokuwa na joto.

Bibi huyo hakuwa mtu wa maneno. Alimenya ndizi mbichi kwa kisu kidogo kilichokwisha kwa kunolewa, vidole vyake vikiwa vyeusi kwa utomvu, akazipanga chunguni, kisha akatoka mvuani kukata jani la mgomba. Hakulitumia papo hapo. Alilishika ncha mbili, akalipitisha juu ya moto taratibu, huku na huko, mpaka rangi yake ya kijani ikakolea na kung'aa, na jani lililokuwa likipasuka kwa kuguswa likawa laini kama kitambaa. Kwa jani hilo alifunika chungu. Kwa kipande kilichobaki alikunja kitu mfano wa kiganja, na kwa hicho akatoa ndizi za moto, mvuke ukimpanda hadi viwikoni, asiungue.

Siku moja mtoto alitia mkono mtupu chunguni. Alilia sana. Bibi hakumgombeza, aliutia mkono ule katika maji ya baridi, akaupuliza. Kesho yake ndizi zilipoiva alikata jani, akalipitisha motoni, akalikunja, akamvisha mjukuu wake, kisha akasogea pembeni.

"Haya," alisema. "Toa."

Bernadina alitoa ndizi ya kwanza, akatoa ya pili, akatoa zote. Hakufundishwa jambo hilo tena maisha yake yote, wala hakulisahau. Lakini kwamba lile lilikuwa somo, tena somo zuri kuliko mengi aliyokuja kupewa, hilo alichelewa sana kulitambua.

Alichokiita somo, tangu alipoingia shule ya masista, kilikuwa kitu kingine. Somo lilikuwa katekisimu: swali na jibu, sauti ya mwalimu na sauti ya darasa, mpaka maneno yakakaa kichwani kama misumari katika ubao. Bernadina alikuwa hodari wa kujibu. Kwa uhodari huo masista walimpeleka kusomea uuguzi, na kwa uhodari huo alipewa, katika hospitali ya misheni kule Muleba, kazi ya kuwafundisha wahudumu wa wodi. Aliolewa na mwalimu aliyeitwa Ildefons, mtu mpole aliyependa kuchonga vijiti vya kuhesabia kwa ajili ya wanafunzi wake. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Immakulata.

Kisha vikaja vita. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, na watu wa upande wa Kyaka wakateremka kusini na magodoro vichwani, mbuzi kwa kamba, wazee migongoni. Baraza za hospitali zilijaa. Wahudumu hawakutosha, basi Bernadina aliwaokota palepale miongoni mwa wakimbizi. Mmoja wao alikuwa Jovitha, mwanamke mwenye sauti nene na ulimi usiokaa kimya, aliyefika amebeba sufuria tupu na kusema kwamba kama hakuna cha kupika ndani yake basi apewe cha kuosha. Hapakuwa na wakati wa swali na jibu. Bernadina alifunga jeraha, Jovitha akatazama. Jeraha lililofuata akalifunga Jovitha. Hivyo tu.

Ildefons alikwenda na mgambo, akavuka Mto Kagera, na hakurudi. Hata mwili haukuletwa. Bernadina alibaki na Immakulata, na mkoba wa vijiti vya kuhesabia ambao hakuna mtoto aliyeuhitaji tena.

Vita viliisha, biashara ya mpakani ikachangamka, na nyuma yake ukaja ugonjwa. Watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kwa magendo, kwa maana waliotangulia kukonda walikuwa ndio waliotangulia kuvaa vizuri. Mwanzoni walicheka. Baadaye, katika vibanja, yaani nyumba na mashamba yake ya migomba, ambamo moshi ulikuwa ukitoka kila jioni, moshi haukutoka, na migomba ilianguka na mikungu yake kwa kukosa mtu wa kuitegemeza.

Immakulata alikuwa ameolewa Kimwani na Datius, kijana mcheshi aliyekuwa akinunua samaki visiwani na kuwauza bara. Datius aliugua mwaka 1985. Immakulata alimwosha, alimgeuza, alimlisha, alimkumbatia, kwa mikono yake miwili, mpaka alipomfumba macho. Alipokwisha kuondoa matanga alifunga nguo zake, akaja Muleba kwa mama yake, akaomba kazi ya uhudumu.

"Wodi ipi?" Bernadina alimwuliza, ingawa alijua jibu.

"Ile ya mwisho. Wengine hawaitaki."

Wodi ya mwisho ndimo walimolazwa wenye Juliana. Tangu siku hiyo Bernadina hakumtazama tena binti yake usoni kwanza. Alimtazama mikono. Alijua, kwa kuwa daktari alikuwa amewaeleza wauguzi, kwamba ugonjwa ule haukai katika jasho wala katika pumzi. Unakaa katika damu, na damu ikikutana na ngozi iliyokatika huingia. Aliomba jambo moja tu, asubuhi kanisani na mchana kazini: mikono ile ifunikwe. Alikuwa amekwisha kumtoa mume. Huyu asimtoe.

Ndipo yakafika maboksi ya glavu.

Yaliletwa na wafadhili, na aliyeyapokea alikuwa Gamaliel, katibu wa hospitali, mtu mkweli mwenye haraka, ambaye alitembea ameinama mbele kama anayepanda mlima hata pasipo na mlima. "Mama Bernadina," alisema, "vifaa hivi hapa. Sijui kama vitaletwa vingine. Kufundisha ni kazi yako."

Bernadina aliandika kijitabu. Aliandika kwa Kiswahili safi, usiku ukimkuta jikoni bado ananoa sentensi. Swali: Mhudumu avae nini kabla ya kugusa damu au usaha wa mgonjwa? Jibu: Mhudumu avae glavu katika mikono yote miwili. Swali: Kwa nini avae glavu? Na kuendelea. Wahudumu walikaa kwenye mabenchi ya kanisa dogo la hospitali, wakajibu kwa pamoja, kwa mwendo uleule waliotumia kujibu maswali ya Sakramenti. Baada ya majuma mawili hakuna aliyekosea hata neno. Sista mkuu alipita mlangoni, akasikiliza, akatabasamu.

Maboksi hayakupungua.

"Wanazihifadhi kwa ajili ya Krismasi?" Gamaliel aliuliza.

Bernadina alikwenda wodi ya mwisho, akamkuta Jovitha anamfuta mgonjwa kwa mikono mitupu, anaimba. Immakulata, kitanda cha pili, vilevile.

"Jovitha! Mhudumu avae nini?"

"Mhudumu avae glavu katika mikono yote miwili, Mama Nesi," Jovitha alijibu bila kuinua kichwa.

"Na wewe umevaa nini?"

"Uliuliza avae nini, nikajibu. Hukuuliza kama nitavaa."

Wagonjwa wenye nguvu ya kucheka walicheka. Immakulata hakucheka, lakini alimkwepa mama yake macho.

Bernadina alirudi chumbani kwake, akajiambia kwamba kosa ni la maneno. Wengine walisoma kwa shida, picha zingewaingia. Alichukua karatasi kubwa za kufungia dawa, akachora. Mkono wenye glavu, mzuri, mweupe. Chini yake mkono mtupu, na juu ya mkono mtupu msalaba wa wino mwekundu, kuonyesha kwamba huo haufai. Alibandika picha hizo juu ya kila karai la kunawia. Alisubiri.

Yaliyofuata yalimtisha. Wahudumu wawili walioanza kujaribu glavu waliziacha. Mikono mitupu ikaongezeka, tena ikawa na aina ya uchaji, kama ya watu walio ibadani. Alimwita Jovitha mbele ya picha.

"Hapa unaona nini?"

Jovitha alitazama kwa makini, akakunja mikono kifuani. "Huu wa juu ni mkono wa daktari Mzungu."

"Na huu?"

"Huu ni wetu. Una msalaba."

"Na msalaba maana yake nini?"

"Mama Nesi, na wewe ukiwa Mkatoliki?" Jovitha alishangaa. "Mkono wenye msalaba ni mkono uliobarikiwa. Tumeelewa wote. Tena tumekushukuru. Bikira Maria azidi kukusimamia."

Bernadina alicheka. Hakuweza kujizuia, alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Jovitha akacheka naye bila kujua wanachekea nini. Kisha aliingia stoo ya mashuka, akafunga mlango, akakaa juu ya marobota, na kicheko kikageuka. Aliwafundisha kwa maneno wakayaimba. Aliwafundisha kwa picha wakaisali. Na Immakulata alikuwa upande wa pili wa ukuta, mikono yake iliyobarikiwa ndani ya damu ya watu.

Aliporudi asubuhi iliyofuata hakuvaa sare. Alivaa kitenge kama jamaa wa mgonjwa, akatandika mkeka wodini katikati ya vitanda viwili, akakaa. Alimwambia Gamaliel kwamba anafanya kazi. Gamaliel alimtazama akiwa amekaa chini, akaenda zake ameinama.

Alikaa majuma. Hakufundisha. Alitazama jinsi mhudumu anavyoingia, anavyosalimu, anavyoshika kwanza nini. Kitanda cha pembeni alilala Magesa, mvuvi aliyetoka Mara miaka mingi nyuma kufuata samaki katika visiwa vya Muleba. Hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa ziwa. Mguuni alikuwa na kidonda kisichofunga.

Siku moja Immakulata, labda kwa kuwa mama yake alikuwa ameketi pale, alivaa glavu kabla ya kumkaribia Magesa. Mvuvi aliiona mikono ile ikija, akageukia ukutani.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "huko kwetu mtu huvaa mipira akienda kushika samaki aliyeoza. Nimeoza?"

"Hapana, kaka yangu. Hujaoza."

"Basi niache. Nitajifuta mwenyewe."

Immakulata alisimama kidogo. Kisha akavua glavu moja, akavua ya pili, akaweka kiganja kitupu juu ya bega la Magesa, na bega lile likalegea kama mzigo uliotuliwa. Bernadina aliyaona yote hayo akiwa chini, kutoka mahali ambapo hajawahi kukaa tangu aanze kazi, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba binti yake alikuwa amemsikia tangu zamani. Alijua kila jibu. Lakini hakukubali kununua uhai wake kwa aibu ya mtu anayekufa.

Jioni hiyo alikwenda kwenye banda la nyuma, jamaa za wagonjwa walipokuwa wakipika, akakaa pamoja na wahudumu.

"Niambieni," alisema. "Si mtihani. Ile mipira ina nini?"

"Ni baridi," alisema mmoja.

"Inanuka dawa. Mgonjwa anajua unakuja kabla hujafika."

"Kwetu," alisema Jovitha, na safari hii hakutania, "mtu havai kitu mkononi ili amguse mama yake. Akifanya hivyo amekwisha kumzika."

"Hakuna kitu chochote kinachoweza kukaa kati ya mkono na mtu?" Bernadina aliuliza.

 Jovitha alikuwa anaepua sufuria yake ileile ya vita, iliyojaa ebitoke, ndizi za kupikwa. Alinyoosha mkono pembeni bila kutazama, akachukua kipande cha jani la mgomba lililobabuliwa, akalikunja, akaanza kutoa ndizi, akimpa kila mtu yake: mgonjwa wake, jirani yake, Mama Nesi mwenyewe. Kila aliyepokea alishukuru, "Kasinge waitu." Hakuna aliyeona kinyaa.

Bernadina aliikodolea macho ndizi ile mpaka ikapoa.

Jani bichi alilolijaribu mkononi asubuhi iliyofuata lilipasuka. Lililobabuliwa sana lilikuwa kavu na lilikatika kwenye kidole gumba. La mgomba ulioachwa upepeni lilikuwa na nyufa. Alirudi kwenye jani changa, lile linalotoka kukunjuka, akalipitisha motoni kama alivyoona jikoni Kashozi, akaliviringisha kiganjani, akalifunga kwenye kifundo kwa ukambaa wa mgomba. Liliteleza. Akalikunja mara mbili, mshipa wa jani ukiwa nje; likakaa. Ili kupima kama linavuja, alitia dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda, katika karai la maji, akatumbukiza mkono uliovaa jani, akavua. Kiganja kilikuwa kikavu.

Ndipo akapata wazo la pili. Aliwaita wahudumu kwenye banda, akawaomba watumbukize mikono mitupu katika maji ya zambarau, kisha wanawe kwa sabuni mpaka itakate. Walinawa, wakataniana. Rangi ilitoka karibu yote. Ilibaki mahali pamoja tu: katika mikato ya kisu cha kumenyea ndizi, kwenye vidole vya shahada, pembeni mwa kidole gumba, ile mikato midogo ambayo utomvu huifunika kwa weusi na kila mwanamke husahau kwamba ipo. Mikono yote ilikuwa na mistari ya zambarau. 

"Hii yote ni milango," Bernadina alisema. 

Immakulata alikuwa na mistari mingi kuliko wote. Alifumba mikono yake, akaiweka mgongoni kama mtoto.

Kuanzia hapo hakuna mhudumu mpya aliyeanzia wodini. Alianzia bandani. Alimenya ndizi, akatumbukiza mikono katika zambarau, akaisoma. Alibabua jani, akatoa ndizi za moto chunguni, akawagawia wagonjwa. Kisha, jani jipya mkononi, lingali na joto la moto, aliambiwa kwamba jani hilo si kinyaa, aende kitandani kwa mtu aliyetoka kumpa chakula. Baadaye jani lilitupwa shimoni na kuchomwa, na mikono ikanawishwa kwa sabuni. Glavu za Gamaliel ziliwekwa kwa ajili ya wanaojifungua na damu nyingi, na huko wahudumu walizivaa, kwa kuwa sasa walijua wanachofunga. Picha zilibanduliwa. Kijitabu hakuna aliyekiulizia.

Wa kwanza kuguswa kwa jani alikuwa Magesa.

"Sasa nimekuwa ndizi?" alimwuliza Jovitha.

"Mbichi. Tulia uive."

"Lina joto," Magesa alisema baada ya muda, kama mtu anayeshangaa. Kisha alisema, "Lakini wenzangu kisiwani mtawafanyaje? Kule hakuna mgomba. Mawe tu na nyavu. Na wanaumwa, mama. Wanaumwa kuliko hapa, na wa kuwaosha ni wake wa watu wengine."

Bernadina aliyesimama karibu alimsikia.  Magesa alifariki kabla ya mwezi kwisha, na jibu lilibaki linadaiwa.

Wahudumu wote waliokuwa na mikono ya kufunika waliifunika, isipokuwa mmoja.

"Na wewe?" Bernadina alimwuliza binti yake, wakiwa wawili tu bandani, majani yakiwa yamepangwa.

"Mimi niache, Mama."

"Kwa nini uachwe wewe? Kazi hii nimeifanya kwa ajili ya nani?"

"Najua umeifanya kwa ajili ya nani. Ndiyo maana inaniuma." Immakulata alichukua jani, akalitazama, akalirudisha. "Datius nilimwosha kwa mikono hii. Leo nikimfuta mtu nisiyemjua kwa jani, nikilala nijiambie nini? Kwamba Datius nilimwosha kwa ujinga?"

"Ulimwosha kwa upendo."

"Basi niache na huo."

Alisihiwa, alikemewa, aliombewa misa. Jovitha alimtania, akamtisha, akamnyima zamu. Immakulata alitabasamu na kuendelea. Mwaka 1989 alianza kukohoa. Nguo zake zikaanza kumpwaya begani, na Bernadina, ambaye kwa miaka alikuwa amevitazama tu vile viganja viwili, alilazimika sasa kumtazama usoni. Kama ugonjwa uliingilia katika milango ile ya zambarau, au ulikuwa umekwisha kuingia Kimwani katika kitanda cha ndoa kabla jani la kwanza halijakatwa, hakuna aliyeweza kumwambia. Alijiuliza kila siku. Akijibu hivi, alikuwa amechelewa kwa majuma. Akijibu vile, alikuwa amechelewa tangu mwanzo, na kazi yote ilikuwa ya watu wengine.

Alimchukua wakarudi Kashozi, kwenye kibanja cha zamani. Nyumba ya Kokushubila ilikuwa imeanguka, lakini mafiga matatu ya jiko lake yalikuwa bado mahali pake.

Immakulata alipata kidonda mgongoni kwa kulala. Asubuhi moja kilitoa damu. Bernadina alikuwa ametoka kumenya ndizi. Aliweka kisu, akachukua karai na kitambaa, akaingia ndani mbio, mikono mitupu, akapiga magoti.

"Jani liko wapi?" Immakulata aliuliza.

"Jani gani? Geuka nikusafishe."

"Mama. Usinifanye mtoto."

"Wewe ni nani kama si mtoto? Nilikutoa mwilini mwangu, leo nikuguse kwa jani la mgomba?"

Immakulata alivuta pumzi, akaicheka ile pumzi kwa kuwa haikutosha. "Ndivyo nilivyosema na mimi. Kwa maneno hayohayo, nadhani."

 Bernadina alikitazama kiganja chake, chenye mikato mibichi na utomvu, kilichokuwa kinataka jambo moja tu duniani, kufika kwenye mgongo ule kikiwa kitupu. Alijua sasa uzito wa alichokuwa amewaomba wale wanawake.

"Jovitha ulimwambia si kinyaa," Immakulata alisema. "Ulimdanganya?"

"Sikumdanganya."

"Basi vaa, mae, mama yangu. Uniache nife nikijua kwamba haikuwa kinyaa. Na kwamba kati yetu kuna mmoja amebaki mzima."

Bernadina alitoka. Jani la kwanza alilolishika juu ya moto liliungua. Alikata la pili. Alilipitisha huku na huko mpaka likakolea na kung'aa, akalikunja mara mbili, mshipa ukiwa nje, akalifunga kwa ukambaa, akaurudia ule mlango. Alimsafisha binti yake taratibu, kidonda chote, akamkausha.

"Lina joto," Immakulata alisema, na akasinzia.

Alifariki mwanzoni mwa masika ya mwaka 1990, akazikwa kibanjani, nyuma ya mafiga. Jovitha alikuja kutoka Muleba na sufuria yake, akapikia waombolezaji. Alipokuwa anagawa ebitoke kwa jani aliinua macho, akamwona Bernadina anaangalia jani lile, si chakula.

"Unawaza nini, Mama Nesi?"

"Magesa."

"Magesa yupi?"

"Yule mvuvi. Aliniuliza kitu."

Bernadina hakurudi kazini. Gamaliel alimwandikia mara mbili, kwa heshima, na mara ya pili alieleza kwamba wahudumu wapya wanaendelea kuanzia bandani. Bernadina alifurahi kusikia hivyo, akamtumia salamu.

Katika kiangazi cha mwaka uliofuata alionekana asubuhi kwenye mwalo mmoja wa Muleba, mahali mitumbwi ya injini inapopakia mafuta na unga kwa ajili ya visiwani. Alikuwa amebeba chupa ya dawa ya zambarau, kisu cha kumenyea, mkungu wa ndizi mbichi, na mzigo wa majani ya mgomba yaliyobabuliwa na kuviringishwa. Ndani ya gunia lililoloweshwa maji alikuwa na machipukizi ya mgomba. Mwendesha mtumbwi alimwambia kwamba kule anakokwenda ni mawe matupu, mgomba hautashika. Alijibu kwamba amesikia. Alipanda, akakaa mbele, gunia katikati ya miguu, na mtumbwi ukaondoka.